Hewa ya Kupozea Mitambo, na Barua Aliyopewa Ndugu Yetu

(Maneno yaliyosemwa na kamati ya tawi mbele ya mkutano wa wanachama wa karakana na mitambo.)



Twawashukuru kwa kuja wengi namna hii baada ya zamu, tena wengine wenu bado mna grisi mikononi. Mlipoitwa mliambiwa kuwa leo kutakuwa na maneno juu ya hewa, na tumewasikia wengine pale mlangoni wakicheka na kusema, "Tulidhani chama ni cha kutuongezea mshahara, kumbe sasa kinatufundisha upepo!" Haya, chekeni, lakini sikilizeni mpaka mwisho, maana kwa sababu ya upepo huo ndugu yetu mmoja ameshika barua mkononi, na barua hiyo huenda ikamwondoa kazini.

Habari yenyewe ni hii. Kiwanda hatutakitaja wala mwanachama hatutamtaja, kwa kuwa shauri lake halijakatwa bado. Alikuwa zamu ya usiku, akiangalia mota ya kilowati 30 inayoendesha feni kubwa ya tanuri kwa mikanda. Yapata saa saba za usiku alisikia harufu ya vanishi inayoungua. Akaenda kuangalia, akakuta beringi ya mbele, ile ya upande wa mikanda, imekuwa ya moto hata mkono haukai. Akampigia simu mnyapara wake. Mnyapara akamjibu, "Usisimamishe kazi. Chukua paipu ya kompresa uipulizie." Akafanya kama alivyoagizwa. Haikupita robo saa, beringi ikalia, ikashika, mikanda ikakatika, na mota ikaungua. Asubuhi akapewa barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asiachishwe kazi kwa uzembe.

Kamati yenu ilikwenda kuiangalia mota ile kabla haijaondolewa, na tuliona mambo 3. La kwanza, kifuniko cha feni ya nyuma ya mota hakikuwapo. La pili, mapezi ya mota, yale yanayosimama kama mapezi ya samaki mwili mzima, yalikuwa yamejaa mavumbi na grisi, na mifereji iliyo katikati yake imezibika kama mtaro wa mtaani. La tatu, paipu ya kompresa ilikuwa imefungwa kwa waya, mdomo wake ukielekea kwenye nyumba ya beringi. Yote 3 ni mambo ya hewa. Basi tusipoijua hewa na kazi yake hatutaweza kumtetea ndugu yetu, na kesho atapewa barua mwingine.

HEWA HUCHUKUAJE JOTO

Kila mmoja wetu amekunywa uji wa moto. Uji ukiachwa kikombeni hukaa na moto wake muda mrefu. Mtoto asiyeweza kungoja hufanya nini? Hukaza midomo, akapuliza. Akipanua kinywa na kutoa pumzi yake yote, uji haupoi upesi vile. Hutoa hewa kidogo yenye mwendo, akaielekeza mahali pamoja. Ni kweli kwamba uji hupoa pia kwa mvuke unaotoka, na chuma hakina mvuke, lakini sehemu kubwa ya akili ya mtoto yule ndiyo akili ya mafundi wa mitambo.

Sababu yake ni hii. Chuma cha moto, hata kikiwa mahali penye upepo, huvaa blanketi jembamba la hewa iliyotulia. Nayo hewa iliyotulia huzuia joto sana. Blanketi la sufi usiku hututia joto kwa sababu limenasa hewa ndani ya nyuzi zake. Kwa hiyo anayetaka kupoza chuma kwa hewa ana kazi 2. Kwanza, alifanye blanketi lile liwe jembamba kadiri iwezekanavyo, ili joto lipate kupita. Pili, aiondoe hewa iliyokwisha kupata joto, isikae hapo wala isirudi tena. Shikeni hayo mawili, maana maneno yetu yote ya leo yamesimama juu yake.

Tena tujue kuwa hewa ni mchukuzi dhaifu. Lita 1 ya maji huchukua joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita 1 ya hewa, zote zikipanda digrii zile zile. Ndiyo sababu magari mengi yana rejeta ya maji. Lakini hewa haigandi, haileti kutu ndani ya mabomba, na ikivuja haimdhuru mtu. Kwa hiyo twaitumia kwa mota, kwa makabati ya umeme, kwa kompyuta na kwa injini za ndege. Ila kwa kuwa ni dhaifu, ikipotezwa kidogo tu njiani, mzigo haufiki.

Zipo njia 2 kubwa za kuipeleka. Moja ni kuirusha kutoka tundu dogo, ipige chuma uso kwa uso. Hiyo tutaiita mshale wa hewa. Nyingine ni kuipitisha kando ya chuma ndani ya njia iliyofungwa pande zote. Hiyo tutaiita mfereji wa hewa.

MSHALE WA HEWA

Mshale wa hewa ukipiga chuma, pale unapopiga blanketi huchanika likawa jembamba sana, na joto hutoka kwa nguvu. Kisha hewa hugeuka na kutawanyika pembeni pande zote, kama maji ya bomba yanavyofanya kwenye sakafu, na kadiri inavyokwenda pembeni ndivyo inavyochoka na blanketi linavyonenepa tena. Basi mshale hupoza doa. Ukiwa na mahali padogo penye joto kali, huo ndio wenye kufaa. Ukiwa na mwili mzima wa kupoza, mshale mmoja hautoshi.

Wengi wetu hudhani kuwa mdomo wa paipu ukisogezwa karibu kabisa ndipo utapoza zaidi. Sivyo. Hewa ikitoka tunduni, kiini chake hushika mwendo wake mpaka umbali wa kama mara 5 au 6 ya upana wa tundu. Huku nyuma kingo zake zinavurugana na hewa ya nje, na vurugu hiyo inaingia ndani polepole. Vurugu ikifika katikati wakati mwendo bado upo, ndipo pigo linapokuwa kali zaidi. Kwa tundu moja la mviringo umbali mzuri ni kama mara 6 mpaka 8 ya upana wake. Tundu la milimita 5, basi, lafaa kusimama kama milimita 30 mpaka 40 kutoka kwenye chuma. Mbali sana, mshale umekwisha kufa.

Wanaotaka kupoza uso mpana hutoboa bamba matundu mengi, mishale mingi ikapiga pamoja. Hapo ndipo hutokea kosa ambalo limewasumbua hata wahandisi wakubwa. Hewa iliyokwisha kupiga lazima ipate mahali pa kutokea. Ikiwa mlango wa kutokea uko upande mmoja tu, hewa iliyotumika ya mishale ya kwanza hupita mbele ya mishale ya mwisho, huisukuma na kuipinda kabla haijafika kwenye chuma. Mishale ya mwisho haipigi tena, nayo imechanganyika na hewa yenye moto. Dawa yake ni kuacha matundu ya kutokea katikati ya matundu ya kuingilia, au kupanua nafasi ya kutokea. Yule anayeongeza matundu bila kuongeza njia ya kutokea amejipunguzia mwenyewe.

Mfano wa mishale mingi uko mbele ya macho yetu kila siku. Kioo cha ubavuni cha matatu kilitiwa tanurini kikapata joto la zaidi ya digrii 600, kisha kikapigwa na mishale ya hewa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ngozi yake ikaganda kwanza. Ndani kukapoa baadaye, kukavuta, na ngozi ikabaki imebanwa. Kwa sababu hiyo kioo kile kina nguvu, na kikivunjika hupasuka vipande vidogo vidogo, hakitoi visu vya kumchinja abiria. Lakini mishale ya upande mmoja ikizibwa, kioo hupinda au hupasuka hapo hapo kazini.

MFEREJI WA HEWA

Mfereji wa hewa kazi yake ni kuwapitia wengi kwa zamu. Hewa huingia baridi upande mmoja na kutoka yenye moto upande wa pili. Hesabu yake ni nyepesi, na kila fundi aiweke kichwani: kilowati 1 ya joto, ikipewa kilo 1 ya hewa kila sekunde, huipandisha hewa hiyo kama digrii 1. Mota ya kilowati 30 yenye ufanisi wa asilimia 90 hupoteza zaidi ya kilowati 3 kwa joto, kama majiko 3 ya umeme ya wati 1,000 yaliyowashwa ndani ya sanduku moja. Ikipata thuluthi ya kilo ya hewa kila sekunde, hewa hiyo itatoka imepanda kama digrii 10. Ikipata nusu ya hewa hiyo, itapanda digrii 20, na chuma chenyewe kitapanda zaidi ya hapo.

Kwa hiyo aliye mwisho wa mfereji hupata hewa ya moto siku zote. Gari la Volkswagen la mgongo wa kobe, lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, halikuwa na maji ya rejeta hata tone. Feni yake ilisukuma hewa ndani ya sanduku la mabati, na mabati hayo yakaiongoza ipite katikati ya mapezi ya silinda. Fundi aliyeyatupa mabati yale kwa kuona ni takataka aliunguza injini, ijapokuwa feni ilizunguka vizuri. Lakini hata waliolibuni waliacha ila moja: kipozea mafuta kilisimama ndani ya sanduku mbele ya silinda ya 3, na silinda hiyo ikapata hewa iliyokwisha kushika moto wa mafuta. Mafundi walijua kuwa silinda ya 3 ndiyo hufa kwanza. Katika modeli za mwaka 1971 kipozea kile kilisogezwa kando kikapewa njia yake ya hewa.

Mwaona basi, hata aliyekuwa akiendesha gari lile kwa uangalifu wote hakuweza kuiokoa silinda ya 3 kwa uangalifu wake. Kosa lilikuwa katika njia ya hewa.

Wengine watasema, "Kama hewa ni chache, tuzungushe feni kwa nguvu zaidi." Hilo nalo lina bei yake. Katika mfereji, ukizidisha mwendo wa hewa mara 2, uondoaji wa joto kwenye chuma huongezeka kama mara 1.7 tu, lakini nguvu ya kuizungusha feni hupanda karibu mara 8. Brashi na saa moja ya kusafisha mapezi ni rahisi kuliko hayo.

NJIA ZOTE MBILI PAMOJA

Panapo joto la kutisha kabisa, njia hizi mbili hufanya kazi pamoja. Ndani ya injini kubwa za ndege za siku hizi, gesi inayolipiga panga la kwanza la tabo hupita digrii 1,500, na panga lenyewe ni la aloi ya nikeli ambayo ingeyeyuka kabla ya kufika hapo. Lakini haliyeyuki, kwa sababu ndani ni tupu, na limepitishiwa hewa. Ubavu wa mbele, unaopokea moto mkali zaidi, hupigwa kwa ndani na mishale kutoka matundu madogo. Katikati kuna mifereji yenye vizuizi vidogo vya kuivuruga hewa, blanketi lisipate kutulia. Kisha hewa iliyotumika hutolewa nje kwa vitundu vya ngozini, ikalifunika panga kama shuka. Na hewa hiyo ya kupozea yenyewe, ikitoka kwenye kompresa ya injini, ni ya moto kuliko tanuri la mkate! Ikiongozwa vizuri, hata hewa ya moto inatosha kukipoza kilicho cha moto zaidi.

Fikira hii ilisukumwa na shida. Mwaka 1944, Wajerumani wakiwa vitani wamekosa nikeli ya kutosha, waliyafanya mapanga ya injini yao ya Jumo 004 kuwa matupu ndani, ya chuma cha bati, wakapitisha hewa. Na adui wa mapanga ya namna hii mpaka leo ni yule yule tuliyemkuta kwenye mota ya ndugu yetu, yaani vumbi. Ndege zinazotumika penye mchanga huzibwa vitundu, na panga lililozibwa tundu huungua hata rubani akiwa bingwa.

HEWA YA HUKU JUU NI NYEPESI

Liko jambo moja linalotuhusu sisi watu wa bara zaidi ya wenzetu wa pwani. Mita 1 ya ujazo ya hewa huko Mombasa ina uzito wa kama kilo 1.2. Nairobi, kwa kuwa iko juu kwa kama mita 1,700, ni karibu kilo 1 tu. Pale Timboroa, ambako reli hupita zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, hewa imepungua kama robo. Feni husukuma ujazo ule ule kokote iliko, lakini mchukuzi wa joto ni kilo, na kilo zimepungua. Ni kweli huku kuna baridi kuliko pwani, na hilo husaidia, lakini ndani ya chumba cha tanuri baridi ya nje haiingii.

Kanuni za kimataifa za mota huchukulia kuwa mota haitasimama juu ya mita 1,000, wala mahali penye joto la kupita digrii 40, isipokuwa kibandiko chake kimesema vingine. Sasa tujiulize, ni viwanda vingapi vya bara vilivyo chini ya mita 1,000? Mota iliyoandikwa kilowati 30 ikiletwa huku na kubebeshwa kilowati 30 kamili kando ya tanuri, imeonewa tangu siku ya kwanza. Na mafundi wa umeme wana kipimo chao cha siku nyingi: kila mota ikizidi digrii 10 juu ya kiasi chake, umri wa vanishi ya waya zake hupungua kama nusu. Iliyopewa miaka 20 huishi 10. Ikizidi digrii 20, huishi 5.

TURUDI KWENYE BARUA

Sasa twaweza kuisoma barua ile kwa macho mengine.

Mota ya namna ile hupozwa kwa feni ndogo iliyo nyuma yake. Kifuniko hakikuwekwa kwa kuzuia vidole peke yake. Kazi yake ya pili, nayo ni kubwa, ni kuikusanya hewa ya feni na kuielekeza ipite mbele katikati ya mapezi. Kifuniko kikitoka, feni hutupa hewa pembeni kama mtu anayemwaga maji uani, na mapezi hayapati kitu. Hata kidogo kilichobaki kilikuta mifereji imezibwa. Na beringi ya mbele ndiyo ya mwisho kabisa kufikiwa na hewa, kama silinda ya 3 ya gari lile. Basi moto wa beringi haukuanza usiku ule.

Kisha ukaja mshale wa hewa, nao ukaleta hasara iliyo kubwa zaidi. Beringi ina pete 2. Pete ya ndani imekaa juu ya shafti, na shafti inaleta moto kutoka ndani ya mota. Pete ya nje imekaa katika nyumba yake. Paipu ya kompresa ilipoza nyumba, pete ya nje ikasinyaa. Pete ya ndani haikuguswa na hewa ile, ikabaki imevimba. Pete ya chuma ya milimita 100, ikipoa kwa digrii 40 kuliko mwenzake, hupungua karibu milimita 0.05. Mtaona ni kitu kidogo, lakini nafasi iliyoachwa ndani ya beringi ya kawaida ya ukubwa huo ni ndogo kuliko hiyo. Gololi zikabanwa katikati, grisi ikasukumwa nje, beringi ikashika. Dawa iliyoagizwa kwa simu ndiyo iliyomaliza mgonjwa. Iliyotakiwa ni kupunguza mzigo, kusimamisha mota, kuiacha ipoe yenyewe, na kutafuta sababu.

Je, nani mzembe? Kitabu cha zamu kinaonyesha kuwa ndugu yetu aliandika habari ya kifuniko mara 2, kwa mkono wake, na tarehe zipo. Mara zote mbili hapana sahihi ya aliyesoma. Usiku ule aliona hatari, akatoa habari, akafuata amri. Tutakayoyasema mbele ya wakubwa ni hayo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inampa haki ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, na kuwa na mfanyi kazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua mwenyewe wakati shauri linaposikilizwa. Mwakilishi wetu atakwenda na kitabu kile, na picha za mapezi, na beringi yenyewe ikiwa imefungwa kwenye gunia.

Lakini ndugu, hatutasema kweli nusu. Mota ile ilikaa bila kifuniko miezi kadhaa. Wengi wetu tulipita mbele yake kila zamu, na baadhi ya wanakamati tulipita pia. Aliyeandika kitabuni ni mmoja tu. Tena ile desturi ya kufunga paipu ya hewa kwa waya ikipulizia kila kinachochemka, haikuletwa na mnyapara yule. Tumeizoea sisi wenyewe, na vijana wanaokuja kujifunza kazi tumewafundisha. Tajiri akituuliza, "Mbona ninyi mlinyamaza?" tutaona haya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ufa tuliuona.

TUNAYOYATAKA, NA TUTAKAYOYAFANYA

Kwa hiyo kamati imeamua kupeleka kwa wakubwa wa kiwanda mambo haya:

1. Mota isiyo na kifuniko cha feni isiwashwe, wala mfanyi kazi asiadhibiwe kwa kukataa kuiwasha.

2. Itengwe saa 1 kila wiki ya kusafisha mapezi, machujio na njia za hewa, mashine ikiwa imezimwa na swichi imefungwa kwa kufuli, na saa hiyo iwe ya malipo.

3. Kila zamu ipewe kipima joto, ili tusiendelee kupima beringi kwa kiganja cha mkono. Kiasi kikipita, mwenye zamu awe na ruhusa ya kusimamisha mashine bila kungoja simu.

4. Kila kinachoandikwa katika kitabu cha zamu kitiwe sahihi na msimamizi siku ile ile.

5. Mota mpya ikinunuliwa, iangaliwe urefu wa mahali hapa na joto la chumba kabla ya kuipa mzigo.

6. Kamati ya usalama ikutane. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati hiyo, nasi hapa tu wengi kuliko hao.

Nasi wenyewe tujifunge kwa haya. Asiwepo mtu wa kupulizia beringi ya moto kwa paipu ya kompresa. Asiwepo mtu wa kujipulizia nguo au mwili ili apate baridi, wala kumpulizia mwenzake kwa mzaha, maana hewa ya kompresa hupenya kwenye kidonda, hutoboa jicho na sikio, na imekwisha kuua watu katika viwanda vya nchi nyingi kwa kuingia mwilini. Mavumbi yaondolewe kwa brashi na kwa mashine ya kuvuta, yasirushwe hewani tukayapumua. Gunia, kasha wala koti lisiwekwe mbele ya mdomo wa kuvutia hewa wa mashine yo yote. Na kila aonaye kifuniko kimelegea, bati limetoka au chujio limeziba, aandike kitabuni kwa jina lake, hata kama mwenzake ameandika jana. Mstari mmoja kitabuni wakubwa waliupita. Mistari 30 ya watu 30 hawawezi kuipita.

Mkirudi kazini usiku huu, kila mmoja asimame dakika 1 mbele ya mashine yake ajiulize maneno haya 3: hewa inaingilia wapi, inapita wapi, na inatokea wapi? Asiyeweza kujibu amwulize mwenzake, au aje kwa kamati.

Shauri la ndugu yetu litasikilizwa siku ya Alhamisi, saa nne za asubuhi. Walio mapumzikoni waje wasimame nje kwa utulivu, bila kelele na bila matusi. Tutawapa habari ya hukumu katika gazeti letu lijalo.

Umoja ni nguvu.